Rimoti ya Wii iwe mausi ya shangazi: shajara ya mradi

Jumamosi, 1 Machi

Nimeiokota soko la Gikomba, Nairobi, chini kabisa ya rundo la vinyago vya mtumba, imejibana kati ya gari lisilo na magurudumu na mwanasesere wa jicho moja. Rimoti nyeupe ya Wii, ile mashine ya michezo ya Nintendo, kamba yake ya mkononi bado ina fundo alilopiga mtoto fulani huko ng'ambo. Muuzaji alidhani ni ya televisheni, akaitisha 500. Nikamwambia namba zake ni mbili tu, moja na mbili, chaneli zingine mtu atazifikiaje? Tukacheka, akaniachia kwa 300.

Naandika hapa ili nisisahau nilichofanya, maana mradi uliopita niliuacha katikati na niliporudi sikuelewa hata mwandiko wangu.

Kazi yenyewe ni ya shangazi. Alifundisha Kiswahili shule ya msingi miaka mingi, akastaafu, akashindwa kukaa nyumbani. Sasa anafundisha ngumbaru Kayole, kwenye ukumbi wa kanisa, Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi na nusu jioni. Wanafunzi wake ni mama mboga, walinzi wanaoingia zamu ya usiku, na bibi mmoja wa miaka 71 ambaye hajawahi kukosa. Kuna TV ya inchi 43 ukutani na laptopu niliyomtengenezea mwaka jana. Kila akitaka kufungua ukurasa mwingine anavuka ukumbi mzima hadi kwenye laptopu, na akigeuka tu, nyuma porojo zimeanza. Mausi isiyo na waya tulishajaribu. Inataka meza. Nilimwona akitembea nayo akiisugua kwenye daftari, kisha kwenye paja, kisha mgongoni mwa mwanafunzi.

"Mwanangu, nitafutie kitu cha kunyooshea," akasema. "Kama fimbo ya ubaoni, lakini ibonyeze."

(Yeye haisemi mausi. Ni puku, kama vitabu vinavyotaka, na ukisema mausi mbele yake unasahihishwa. Humu ndani nitasema mausi, hatasoma.)

Jumapili, 2 Machi

Kibanda changu cha kutengeneza simu kimefungwa leo, kwa hivyo nimekaa nyumbani kuielewa kabla ya kuishika.

Wengi hudhani rimoti ya Wii hujua imeelekezwa wapi kwa sababu inahisi mkono unavyocheza. Haijui. Ndani mna akselerometa, ADXL330 ya Analog Devices, inayopima mvuto wa dunia na misukumo kwa pande tatu. Hiyo inajua chini ni wapi. Basi. Ilaze sawa kwenye kiganja kisha uizungushe kutoka kushoto hadi kulia: kwa akselerometa hakuna kilichobadilika, chini bado ni chini. Jairoskopu, ile ya kupima mzunguko, ilikuja baadaye, 2009, kwenye kile kiambatisho cha MotionPlus, na yangu haina.

Siri iko puani. Kile kipande cheusi cha plastiki mbele kinaficha kamera ndogo ya PixArt isiyoona kitu ila infraredi, mwanga ambao macho yetu hayauoni. Haitoi picha. Chipu yake inatafuta nukta zinazong'aa, hadi nne, na kutoa namba tu: nukta hii iko hapa, ile iko pale, kwenye uwanja wa 1024 kwa 768. Cha kushangaza, jicho lenyewe lina pikseli 128 kwa 96 tu. Hizo nyingine zinapatikana kwa hesabu, kwa kupima mwanga ulivyogawanyika kati ya pikseli jirani.

Na kile kijiti cha Wii kinachokaa juu ya TV, ambacho jina lake la Kiingereza, sensor bar, linadai ni kihisio? Hakihisi chochote. Ni taa za infraredi, tano ncha hii na tano ncha ile, na waya unaoletea umeme. Jicho liko mkononi, ukutani ni taa tu. Jina hilo limewapotosha watu tangu 2006. Mwaka uliofuata Johnny Chung Lee, aliyekuwa akisomea chuo kikuu cha Carnegie Mellon, aligeuza mambo: akaitegesha rimoti mahali pamoja na kuitembeza taa, akaweka ya infraredi kwenye ncha ya kalamu, na ukuta wa kawaida ukawa ubao wa kuandikia wa kompyuta. Mimi nabaki na mpangilio wa kwanza, jicho mkononi na taa ukutani.

Kijiti sina. Nitakitengeneza.

Jumanne, 4 Machi

Kuiunganisha. Rimoti inaongea kwa Bluetooth, na Linux, mfumo unaoendesha laptopu, inaifahamu tangu toleo la 3.1 la 2011; draiva, yaani programu ya kuongea na kifaa, inaitwa hid-wiimote. Ukibonyeza 1 na 2 kwa pamoja, taa nne za buluu zinapepesa na jina "Nintendo RVL-CNT-01" linatokea kwenye laptopu. Kwa njia hiyo haiombi namba ya siri, ila ikizimika inabidi uirudie. Kwa kudumu unafungua kifuniko cha betri na kubonyeza kile kitufe chekundu kidogo. Hapo inataka namba ya siri, ambayo ni anwani ya Bluetooth ya kompyuta yako iliyoandikwa kinyumenyume. Nani alifikiria hayo? Bahati nzuri BlueZ, programu ya Bluetooth ya Linux, inajua na inajibu yenyewe.

Nimepoteza saa mbili. Ilikuwa ikishika na kuachia, kushika na kuachia. Nikalaumu rimoti, nikalaumu betri, mwishowe nikang'oa kile kidude cha Bluetooth cha bei ya chai nilichochomeka mwenyewe na kutumia cha ndani ya laptopu. Ikatulia.

Alhamisi, 6 Machi

Barabara ya Luthuli, kwenye maduka ya elektroniki, kutafuta taa. Duka la kwanza nikauziwa kumi za infraredi, shilingi kumi kila moja. Nikatoa simu palepale, nikaomba betri, nikawasha. Taa ya infraredi ya nanomita 940 macho hayaioni, lakini kamera ya simu huiona kama kinundu cha zambarau; ukitaka kuhakikisha simu yako inaweza, jaribu kwanza na rimoti ya TV, na ukikosa tumia kamera ya selfi, maana ya nyuma mara nyingi ina kichujio kikali. Ya kwanza ikawaka nyeupe pe, mbele ya macho yetu sote. Kijana wa dukani akaitazama kwa huzuni kama mtu aliyesalitiwa. Akanirudishia pesa. Duka la tatu walikuwa nazo za kweli.

Hesabu: taa moja ya infraredi inakula kama volti 1.3. Mbili kwa mfululizo ni 2.6. Mlango wa USB wa TV unatoa 5, zinabaki 2.4. Nikitaka miliampea 20, rezista ya kuzuia umeme uliozidi ni 2.4 gawanya kwa 0.02, yaani omu 120. Mfululizo mmoja ncha hii, mwingine ncha ile, jumla miliampea 40, na USB inamudu 500. Nimezilehemu ndani ya kipande cha bomba la plastiki la kupitishia waya, sentimita 20 kati ya ncha na ncha kama kile cha asili. Uzuri wa kutumia USB ya TV ni kwamba TV ikiwashwa taa nazo zinawaka. Shangazi hana la kukumbuka.

Jumamosi, 8 Machi

Mshale umetembea!

Draiva inaigawa rimoti vipande vipande: vitufe ni kifaa kimoja, akselerometa kingine, kamera kingine. Kamera hailiwashi jicho lake hadi programu fulani ifungue kile kifaa, na hiyo ni busara kwa betri. Nimeandika programu ya Python, mistari tisini hivi, kwa kutumia maktaba ya evdev, inayosoma vifaa kama hivi: inasoma nukta, inatafuta katikati ya zile mbili, inapeleka mshale hapo kupitia uinput, njia ya Linux ya programu kujifanya mausi. Nukta isipoonekana draiva inaandika 1023, kwa hivyo nikiona 1023 najua hakuna kitu pale.

Mara ya kwanza mshale ulikwenda kinyume. Bila shaka: nikielekeza kulia, nukta zinahamia kushoto machoni mwa kamera, kama nguzo za stima zinavyorudi nyuma ukiwa ndani ya matatu. Nikatoa x, namba ya mlalo, kwenye 1023, ikanyooka.

La pili ni kingo. Nikilenga pembeni mwa skrini, taa moja inatoka nje ya jicho kabla mshale haujafika. Kwa hivyo situmii uwanja wote. Natumia sehemu ya kati, kama kutoka 200 hadi 820, na kuinyoosha ijaze skrini. Taa moja ikipotea hata hivyo, programu inakumbuka zilikuwa zimeachana kiasi gani na kukisia ya pili ilipo.

La tatu ni kiganja. Ukiipinda rimoti kidogo, uwanja wote unapinda nayo, na mkono ukienda juu mshale unakwenda upandeupande. Mstari kati ya taa mbili unakuambia pembe, lakini haukuambii ipi ni ya kushoto: rimoti ikipinduliwa kabisa mstari ni uleule. Hapo ndipo akselerometa inapata kazi. Inasema chini ni huku, basi ya kushoto ni ile. Nimeupenda ushirikiano huo kuliko kitu kingine chochote humu.

Jumatatu, 10 Machi

Stima zilipotea saa mbili usiku, nikiwa katikati ya kurekebisha. Laptopu ina betri yake na kijiti kilikuwa kwenye USB ya laptopu, kwa hivyo niliendelea gizani. Mke wangu akaingia na mshumaa, akausimamisha kwenye kisosi kando ya laptopu, akatoka.

Mshale ukaruka hadi kona na kukaa huko ukitetemeka.

Nilitafuta kosa kwenye programu karibu robo saa. Nikabadilisha mambo matatu, nikayarudisha yote matatu. Halafu upepo ukapita dirishani, mwali ukalala upande, na mshale ukalala nao. Nikauangalia mshumaa. Nikausogeza kidole kimoja kushoto. Mshale ukasogea.

Mwali wa mshumaa umejaa infraredi, na kamera haijali imetoka wapi. Nikachomoa kijiti, nikaomba mshumaa wa pili, nikaitenganisha miwili kama mkono mmoja hivi. Ikafanya kazi. Mausi inayoendeshwa na mishumaa miwili ya duka la chini! Nikamwita mke wangu aone. Aliona, akauliza kama nimemaliza, kwa sababu mmoja anautaka jikoni.

Funzo la kiufundi: programu isichukue tu nukta mbili za kwanza. Sasa inapokea zote nne, inapima kila jozi, na kuchagua ile ambayo iko karibu na jozi ya mwisho, imeachana vilevile, na imelala sawa kwa mujibu wa akselerometa. Mshumaa ulirudi baadaye na haukuniyumbisha tena.

Alhamisi, 13 Machi

Mtetemo. Mkono wa binadamu hautulii, na rimoti inaleta habari hadi mara 100 kwa sekunde, kwa hivyo kila mpigo wa moyo unaonekana kwenye skrini. Nilianza kwa kuchukua wastani wa vipimo kumi vya mwisho. Mtetemo ukaisha, lakini mshale ukawa unaburuta miguu kama mtu aliyeamshwa. Nikapunguza hadi vinne, mtetemo ukarudi. Unalipa huku au unalipa kule.

Nimeokolewa na kichujio cha hesabu kinachoitwa 1€, walichokichapisha Géry Casiez, Nicolas Roussel na Daniel Vogel mwaka 2012. Wazo lake ni rahisi hadi unajiuliza kwa nini hukulifikiria: mkono ukienda polepole, chuja sana, kwa sababu hapo ndipo mtu huona mtetemo; ukienda kasi, achia, kwa sababu hapo ndipo mtu huona kuchelewa. Kina namba mbili tu za kurekebisha. Ya kwanza unaishusha rimoti ikiwa imetulia mpaka mtetemo uishe, ya pili unaipandisha ukiwa unazungusha mkono mpaka kuchelewa kuishe. Dakika kumi.

Nikajisikia fundi kweli, nikaongeza kinachozidi. Rimoti ina mota ya kutikisa, nikasema kila akibonyeza imtikise kidogo ajue imekubali. Ikamtikisa, ikaitikisa na kamera, mshale ukaruka, na kilichobonyezwa kikawa kitu cha jirani. Nimekifuta.

Hata bila mota, kubonyeza A, kitufe cha kuchagua, kunasukuma pua chini kidogo. Nimeweka mshale ugande kwa milisekunde 150 kitufe kikiguswa. Inasaidia, si sana.

Jumanne, 18 Machi

Siku ya kwanza darasani, na sikulala vizuri.

Mambo matatu yameharibika, mawili niliyatarajia. Ukumbi una dirisha upande wa magharibi, kando ya TV, na saa kumi na moja jua la Machi linaingia moja kwa moja. Jua kwa kamera hii si nukta, ni mafuriko. Programu yangu ya kuchagua jozi haikuwa na cha kuchagua. Mlinzi mmoja darasani akainuka bila kuulizwa, akachukua kadibodi la stoo, akaliegemeza dirishani, akaketi. Marekebisho bora ya wiki nzima, na hayana mstari hata mmoja wa programu.

Pia umbali. Nyuma ya ukumbi ni kama mita sita na taa zangu nne hazitoshi. Akisimama pembeni zinapotea kabisa, kwa sababu taa hizi hutupa mwanga mbele tu, kama tochi. Ndiyo maana zile za kijiti cha asili zimeinamishwa pande tofauti.

La tatu sikulitarajia. Nilikuwa nimehangaika wiki mbili na mtetemo wa mkono uliotulia. Shangazi hana mkono uliotulia. Ni mwalimu. Akisema "neno hili" mkono unakwenda kwenye neno, akisema "nyie mnaocheka nyuma" unakwenda nyuma, akishangaa unakwenda juu, na mshale ukamfuata kote huko kama mbwa anayemfuata mwenyewe sokoni. Alifungua kurasa tatu bila kukusudia. Dakika ya ishirini akaiweka rimoti mezani taratibu sana, akaenda kwenye laptopu, na hakusema neno. Ningeomba angesema.

Jumatano, 19 Machi

Nimelifikiria kibandani nikibadilisha kioo cha simu ya mteja. Fimbo ya ubaoni hainyooshi muda wote. Mwalimu huishusha, anaongea, anaiinua tena.

Chini ya rimoti kuna B, kitufe cha kidole cha shahada, kama cha bunduki ya maji. Sasa mshale unatembea B ikiwa imeshikwa tu. Ukiachia, mshale unabaki ulipo hata ukipunga mkono hadi kesho. Na kwa kuwa unaachia B kabla ya kubonyeza A, mshale umeshaganda, pua ikishuka haina madhara, na zile milisekunde 150 nimezifuta. Mistari sita imeingia, kumi na tisa imetoka.

Kijiti kipya pia: sentimita 40 badala ya 20, ili kutoka nyuma ya ukumbi nukta zisigande pamoja. Taa tatu kila ncha, ya ndani inatazama mbele, nyingine mbili zimeinama nje. Tatu kwa mfululizo ni volti 3.9, inabaki 1.1, rezista omu 56. Na moja ya zile taa nne za buluu za rimoti nimeipa kazi: inawaka wakati kamera inaona kijiti. Ikizimika, shangazi ajue amelenga ukuta.

Alhamisi, 20 Machi

Nilimweleza mara moja: shika, lenga, achia, bonyeza. Akarudia kwa sauti, halafu akawarudishia darasa zima, nao wakaitikia, shika, lenga, achia, bonyeza. Nikajua imekwisha.

Alifundisha saa nzima akiwa katikati ya madawati. Mara mbili alisahau kuachia. Sauti ya porojo nyuma sikuisikia, kwa sababu alikuwa nyuma.

Si kwamba inashinda mausi. Kufunga kidirisha kwa kile kialama kidogo cha kona bado ni mateso, na kuburuta faili usijaribu. Nimemkuzia vitufe vya skrini hadi vikawa kama vigae.

Jumanne, 25 Machi

Betri za AA, yale mawe mawili, bado ni zile za mwanzo. Kamba ya mtoto wa ng'ambo imekatika. Shangazi ameshona nyingine ya kipande cha leso, imara kuliko ya kiwandani.

Leo bibi wa miaka 71 aliomba kujaribu. Aliishika kwa mikono miwili, viwiko juu ya dawati. Shangazi akafungua kibodi ya skrini. Bibi akalenga herufi, akaachia, akabonyeza, akalenga nyingine. Jina lake lina herufi sita na lilichukua kama dakika tatu. Moja ilikosea akaitafuta ile ya kufutia mwenyewe. Alipomaliza hakuirudisha. Akauliza jina la mume wake linaandikwaje.

Kwa hivyo zinatakiwa rimoti mbili. Nimepitia Gikomba nikirudi. Muuzaji amenikumbuka, na anayo nyingine, na hii ina kifuniko cha betri kamili. Sasa anasema ni elfu moja, kwa sababu amejua si ya televisheni.